Sumu ya Mishale ya Ukambani na Nafasi Yake Katika Elimu ya Neva

Historia ya elimu ya neva, yaani nyuzi hai zinazopeleka taarifa kati ya ubongo na viungo vya mwili, huandikwa kwa kawaida kana kwamba ilizaliwa na kukulia katika maabara za Ulaya na Marekani peke yake, ilhali mojawapo ya zana zake zilizotumika sana ilikuwa imechemshwa kwa vizazi vingi katika vyungu vya wawindaji wa Afrika Mashariki kabla mwanakemia yeyote hajaipa jina. Miongoni mwa wawindaji hao, Wakamba wa nchi ambayo leo ni kaunti za Kitui na Makueni wana nafasi ya pekee, kwa sababu kwao sumu ya mishale ilikuwa silaha, tena kazi ya ufundi na bidhaa ya biashara, hata utawala wa Waingereza ulipokuja na kuifanya kuwa ushahidi wa kosa mahakamani. Habari zake zimehifadhiwa zaidi katika majalada ya polisi na ya askari wa wanyamapori kuliko katika vitabu vya sayansi, na jambo hilo limewanyima watu wa Ukambani sehemu ya haki yao katika historia ya elimu.

Wanahistoria wengi huvitaja vilima vya Mbooni, katika Makueni ya leo, kuwa kitovu cha makazi ya Wakamba tangu karne ya 17, na kutoka huko baadhi yao walivuka Mto Athi katika karne iliyofuata wakaingia Kitui, nchi kavu zaidi, yenye mvua isiyotegemeka na nyika inayoshuka kuelekea Mto Tana upande mmoja na Tsavo upande mwingine. Katika nchi ya namna hiyo uwindaji, ufugaji wa nyuki na biashara vilikuwa nguzo za riziki sawa na shamba, kwa maana mtu aliyetegemea mahindi au mtama peke yake aliweza kuona msimu mzima ukipita bila kuvuna kitu. Kufikia miongo ya mwanzo ya karne ya 19 misafara ya Wakamba ilikuwa ikipeleka pembe za ndovu Mombasa na kurudi na nguo, shanga na waya wa shaba, na mfanyabiashara aliyejulikana kuliko wote alikuwa Kivoi wa Kitui, ambaye mmisionari Johann Ludwig Krapf alimtembelea mwaka 1849, na ni katika safari hiyo, tarehe 3 Desemba, ndipo Krapf alipouona Mlima Kenya. Kivoi aliuawa mwaka 1851 msafara wake uliposhambuliwa karibu na Mto Tana, Krapf akiwa pamoja naye.

Simulizi za misafara hiyo huzungumzia sana pembe na bei zake, lakini huuliza mara chache pembe zilipatikanaje. Bunduki zilikuwa adimu bara katika nusu ya kwanza ya karne hiyo, na ndovu haangushwi kwa mshale mtupu hata mvuta uta awe hodari kiasi gani. Kilichomwangusha kilikuwa sumu iliyopakwa nyuma ya kigumba, yaani ncha ya chuma ya mshale. Kwa hiyo biashara iliyoiunganisha Kitui na masoko ya Bahari ya Hindi ilitegemea ujuzi wa kemia uliokuwa mikononi mwa mafundi wachache, na sumu yenyewe ilikuwa miongoni mwa bidhaa ambazo Wakamba waliwauzia majirani wao, wakiwemo Wakikuyu, pamoja na mishale na vitu vya chuma.

Mti unaotoa sumu hiyo ni msunguti, ambao Wakamba huuita kivai na wataalamu wa mimea wakauandika kwa jina la Acokanthera schimperi. Ni mti mdogo, mara nyingi kichaka tu, usiopukutisha majani wakati wa kiangazi, wenye majani magumu yanayong'aa, maua madogo yenye harufu nzuri, na matunda yanayogeuka kuwa ya zambarau yanapoiva. Matunda yaliyoiva kabisa yamekuwa yakiliwa, hasa wakati wa njaa, lakini yale mabichi ni ya hatari, na sumu yenyewe hujaa katika mbao, gome na mizizi. Hapo pekee pana elimu ya kutosha kumshangaza msomaji, kwa kuwa mtu aliyejua kwamba mti mmoja unaweza kumlisha mtoto kwa tunda lake na kumuua kwa gome lake alikuwa amekwisha kuupima sehemu kwa sehemu, na matokeo ya vipimo hivyo yalirithishwa kwa mdomo.

Fundi alikata mbao na mizizi kuwa vibanzi, akavichemsha katika maji kwa saa nyingi, akayachuja maji hayo, kisha akaendelea kuyachemsha mpaka yakabaki masalio mazito meusi yanayonata kama lami. Katika sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki mafundi waliongeza utomvu wa mimea mingine au vitu vya wanyama, kila mmoja kwa kanuni aliyoificha, lakini uchunguzi wa wanakemia wa baadaye ulionyesha kwamba nguvu ya kuua ilitoka hasa kwa msunguti wenyewe. Baada ya hapo sumu ilijaribiwa, kwa sababu mwindaji aliyemkabili ndovu kwa sumu dhaifu alikuwa ameyaweka maisha yake rehani. Jaribio linalosimuliwa sana ni lile ambalo fundi alijichanja mkononi, akaiacha damu itiririke kwenda chini, kisha akaigusisha sumu kwenye mwisho wa mchirizi ulio mbali na jeraha na kutazama kasi ya weusi unaopanda juu kwa kuifuata damu, akiipangusa kabla haijafika kwenye kidonda. Mbinu hiyo ilikuwa ya hatari, lakini ilikuwa na kile ambacho jaribio lolote la maabara hutakiwa kuwa nacho, yaani dalili inayoonekana, kasi inayoweza kulinganishwa, na kikomo ambacho mjaribu hakivuki.

Sumu iliyofaulu ilipakwa kwenye sehemu ya mshale iliyo nyuma ya kigumba, kisha ikafungwa kwa ukanda wa ngozi nyembamba, ambao mwindaji aliufungua tu alipokuwa tayari kupiga. Ukanda huo uliizuia sumu isikauke na kupoteza makali, ukaikinga na jua, na zaidi ya yote ukamkinga mwenye podo na watu wa nyumbani mwake wasichubuliwe kwa bahati mbaya. Wawindaji waliondoa nyama iliyolizunguka jeraha na kuila iliyobaki bila kudhurika, na sababu yake ilikuja kueleweka kitaalamu baadaye sana: sumu hii, ambayo ikiingia katika damu huua upesi, haifyonzwi vizuri na utumbo. Gerhard Lindblom, mwanaethnografia wa Uswidi aliyefanya utafiti Ukambani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na kuchapisha kitabu chake juu ya Wakamba mwaka 1916, alirekodi mengi kuhusu silaha na uwindaji wao, na kitabu hicho kingali mojawapo ya hazina kubwa za maandishi kuhusu maisha ya watu hao.

Wazungu waliokwisha kuihofia mishale ya Afrika hawakukawia kuitamani. John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyefuatana na David Livingstone katika safari ya Zambezi na baadaye akawa balozi wa Uingereza Zanzibar, alieleza jinsi mapigo ya moyo wake yalivyopungua baada ya mswaki wake kuguswa na sumu ya mishale ya eneo la Mto Shire, sumu iliyotokana na mmea mwingine wa ukoo uleule wa msunguti. Sampuli za sumu hiyo zilimfikia Thomas Richard Fraser wa Edinburgh, ambaye alitoa ndani yake dawa ya moyo iliyoitwa strofanthini. Mwaka 1888 mwanakemia Mfaransa Léon-Albert Arnaud alifaulu kutenga kiini safi kutoka kwa msunguti unaotumiwa na Wasomali, nacho kikaitwa uabaini. Kiini hicho ndicho kinachoipa sumu ya Ukambani ukali wake, kwa kuwa miti ya jamii hiyo moja, iwe imeota Somalia, Kitui au Makueni, hubeba viini vya aina moja ambavyo wanakemia huviita glikosidi za moyo, yaani michanganyiko ya mimea iliyobeba sehemu ya sukari na yenye athari kubwa juu ya mapigo ya moyo.

Wakati uabaini ulipokuwa ukipata heshima katika hospitali za Ulaya kama dawa ya sindano ya moyo uliochoka, mafundi wake wa asili walikuwa wakipoteza haki ya kuutumia. Sheria za wanyamapori zilizoletwa na utawala wa Waingereza zilimtaka mwindaji awe na leseni ya kulipiwa, na leseni hiyo iliwekewa mtu mwenye bunduki na fedha, wala si mtu wa Mutha au Ikutha mwenye uta na podo. Hifadhi ya Taifa ya Tsavo ilipotangazwa mwaka 1948, ikapakana na Kitui ya kusini kwa upande mmoja na maeneo ya Kibwezi na Mtito Andei kwa upande mwingine, nchi waliyoizoea wawindaji wa Kikamba na jirani zao Wawata iligeuka kuwa eneo lililokatazwa kwa mstari wa ramani. Katika miaka ya 1956 na 1957 David Sheldrick na Bill Woodley, walinzi wa hifadhi hiyo, waliongoza operesheni kubwa ya kuwakamata wawindaji hao, na wengi walifungwa jela. Serikali ya Kenya huru nayo ilipiga marufuku uwindaji wote mwaka 1977.

Haifai kuipamba habari hii. Ujangili wa pembe uliangamiza ndovu kwa maelfu, na sumu ileile bado inatumika vibaya, kama ilivyodhihirika mwaka 2014 ndovu mashuhuri wa Tsavo aliyeitwa Satao alipouawa kwa mshale wenye sumu. Kulinda wanyama hao ni wajibu, na hakuna ufundi wa kale unaoweza kuwa kisingizio cha kuwamaliza. Lakini kulipiga marufuku tendo si sababu ya kuufuta ujuzi, na hilo ndilo lililotendeka: elimu ya mti, ya uchemshaji, ya vipimo na ya uhifadhi wa sumu ilitupwa katika kapu moja na uhalifu, na wazee waliokuwa nayo wakajifunza kwamba kukaa kimya ni salama kuliko kufundisha.

Katika kipindi hichohicho ambacho podo zilikuwa zikikusanywa Tsavo kama vielelezo vya mashtaka, uabaini ulikuwa unaingia katika kitovu cha elimu ya seli. Kila seli ya mwili, na hasa seli ya neva, huishi kwa kudumisha tofauti ya chumvi kati ya ndani na nje ya utando wake, sodiamu ikiwa nyingi nje na potasiamu ikiwa nyingi ndani, na tofauti hiyo ndiyo inayowezesha msukumo wa umeme kusafiri katika uzi wa neva. Mwaka 1953 Hans Schatzmann wa Uswisi alionyesha, kwa kutumia chembe nyekundu za damu, kwamba glikosidi za moyo huzuia kazi ya kusukuma sodiamu nje na kuingiza potasiamu. Mwaka 1957 Jens Christian Skou wa Aarhus, Denmark, akichunguza neva za miguu ya kaa, alieleza kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali, ambacho kilihitaji sodiamu na potasiamu kwa pamoja ili kifanye kazi, ingawa hakuwa na hakika kwamba kimeng'enya hicho ndicho pampu iliyokuwa ikitafutwa. Mwaka uliofuata, katika mkutano wa wanabiokemia huko Vienna, Mmarekani Robert Post alimuuliza kama uabaini unakizuia kimeng'enya chake. Skou hakuwa amejaribu, akapiga simu maabara kwake ili jaribio lifanywe, na jibu likawa ndiyo. Kwa jibu hilo ilidhihirika kwamba kimeng'enya cha neva za kaa na pampu ya sodiamu ni kitu kimoja, na mwaka 1997 Skou alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Pampu hiyo, ambayo katika kila mzunguko hutoa ioni tatu za sodiamu na kuingiza mbili za potasiamu, hula sehemu kubwa ya nishati yote ya ubongo. Uabaini huishika kwa upande wa nje na kuikwamisha. Katika moyo, kiasi kidogo huongeza nguvu ya mpigo kwa sababu kalsiamu hujikusanya ndani ya misuli, na kiasi kikubwa huuvuruga mpigo mpaka moyo usimame, jambo ambalo ndilo lililompata ndovu wa Kitui. Katika seli za neva, kiasi kikubwa huzivimbisha na kuziua. Uwezo huo wa kuua kwa njia inayojulikana umeufanya uabaini kuwa zana ya kawaida katika maabara, hata watafiti wa ugonjwa wa kutosikia wameutumia kuangamiza kwa makusudi seli za neva za sikio la ndani la panya na wanyama wengine wadogo, ili waweze kupima njia za kuzirudisha.

Njia hizo za kurudisha na kuhifadhi uhai wa neva zina historia yake, nayo pia ilipitia kwenye sumu, safari hii ya nyoka. Katika miaka ya 1950 Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen, wakiwa Washington University mjini St. Louis, walikuwa wakitafuta kitu kilichomo katika uvimbe wa panya ambacho kiliziotesha neva za kifaranga kwa wingi. Cohen alitumia sumu ya nyoka ili kuvunja asidi za kiini katika sampuli yake, kwa kuwa ina vimeng'enya vya kufanya kazi hiyo, lakini akakuta kwamba sumu yenyewe ilikuwa na kitu hicho cha kuotesha neva kwa kiasi kikubwa kuliko uvimbe. Hivyo ndivyo kilivyotambuliwa kichocheo cha ukuaji wa neva, protini ambayo baadaye ilionekana katika sumu za nyoka wa jamii ya swila na wa jamii ya moma, jamii ambazo mkulima wa Makueni na Kitui huzijua kwa macho yake, na ugunduzi huo uliwapatia wawili hao Tuzo ya Nobel mwaka 1986.

Ugumu uliobaki ulikuwa wa kiasi. Mwaka 1982 Yves-Alain Barde na Hans Thoenen walitangaza kichocheo cha pili, kinachotoka ubongoni na kujulikana kwa herufi BDNF, lakini kilo moja na nusu ya ubongo wa nguruwe iliwapa takriban mikrogramu moja tu, yaani sehemu moja ya milioni ya gramu. Utafiti usingeweza kuendelea kwa vipimo hivyo, na ufumbuzi ulitokana na uunganishaji upya wa vinasaba: jeni inayobeba maagizo ya kuunda protini huchukuliwa kutoka kwa binadamu au mnyama na kupandikizwa ndani ya bakteria au seli nyingine, nazo zikaifuata jeni hiyo na kuizalisha protini kwa wingi, kisha protini husafishwa na kukaushwa. Jeni ya kichocheo cha kwanza ilisomwa mwaka 1983 na ile ya BDNF mwaka 1989. Tangu hapo mtafiti anayekuza seli za neva katika sahani ya kioo huongeza kiasi kidogo sana cha protini ya namna hiyo katika maji ya lishe, na seli ambazo zingekufa zikikosa msaada huo huendelea kuishi na kuotesha nyuzi. Kichocheo cha ukuaji wa neva kilichotengenezwa kwa bakteria kiliidhinishwa Ulaya mwaka 2017 kuwa dawa ya matone kwa jicho lililopoteza hisia kwa sababu ya kuharibika kwa neva za konea, yaani ngozi angavu ya mbele ya jicho. Majaribio ya kuitumia BDNF kutibu ugonjwa wa kupooza kwa neva za misuli, yaliyofanywa katika miaka ya 1990, hayakufaulu, kwa maana kilicho rahisi katika sahani huwa kigumu ndani ya mwili.

Maabara za leo zina basi vitu viwili vinavyokamilishana, protini inayoiwezesha seli ya neva kuishi na uabaini unaoonyesha jinsi inavyokufa, na hakuna anayeelewa uhai wa seli bila kuelewa vyote viwili. Cha kwanza kina majina ya wagunduzi wake, tarehe na tuzo. Cha pili kina jina la Arnaud, na nyuma ya jina hilo ni kimya. Kimya hicho si cha haki, kwa sababu Arnaud alitenga kiini kutoka katika kitu ambacho tayari kilikuwa kimechaguliwa, kimechemshwa na kupimwa na watu wengine, na sehemu ngumu zaidi ya ugunduzi wowote wa dawa ya mimea ni kujua ni mmea upi kati ya maelfu unaostahili kuchunguzwa.

Msunguti haujamaliza kufundisha. Mwaka 2011 Jonathan Kingdon, mwanazuolojia mzaliwa wa Tanganyika, pamoja na wenzake akiwemo Bernard Agwanda wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba panya mkubwa wa Afrika Mashariki mwenye manyoya ya kusimama mgongoni hutafuna gome la mti huu na kujipaka mate yenye sumu kwenye manyoya maalumu yenye vitundu, ili mbwa au mnyama mwingine anayemuuma adhurike, wala yeye mwenyewe hafi. Jinsi pampu za mwili wake zinavyostahimili sumu hiyo ni swali ambalo linaweza kuchunguzwa papa hapa Kenya.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 11, inatambua nafasi ya sayansi na teknolojia za asili katika maendeleo ya taifa, na mwaka 2016 ilipitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na maonyesho ya kitamaduni. Kitui ina Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya huko Kwa Vonza, na serikali za kaunti zote mbili zina idara za utamaduni. Kilichobaki ni kwa taasisi hizo, pamoja na Makavazi ya Kitaifa, kuwafikia wazee wa Mutha, Ikutha, Kibwezi na Nzaui walioyaona mambo haya au kuyasikia kwa baba zao, kuwahakikishia kwamba wanaulizwa kama walimu wala si kama washukiwa, na kuyaandika maelezo yao kwa Kikamba na kwa Kiswahili chini ya ulinzi wa sheria hiyo. Kazi hiyo ifanywe sasa, maana waliokuwa vijana wakati wa operesheni ya Tsavo ya 1957 leo wana zaidi ya miaka 80.